“Mwenye Wito Hachoki” na Maneno Mengine Yanayowachosha Wauguzi

Wiki chache zilizopita, muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya watoto hapa Nairobi (ameniridhia nisimulie) aliketi mbele yangu, saa ikiwa bado imebandikwa kifuani mwa sare yake, akasema: “Labda sikuitwa kwenye kazi hii. Mwenye wito hachoki.” Katika miaka yangu ya kuwapa wauguzi ushauri nasaha nimelisikia neno hilo hadi huniudhi kabla halijamalizika.

Ukweli ni kwamba mwenye wito ndiye anayetangulia kuchoka. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyehudumu katika kliniki ya bure jijini New York, aliandika kwamba walio hatarini zaidi kupatwa na uchovu wa kazini (kwa Kiingereza, burnout) ni wale waliojitoa zaidi, nalo Shirika la Afya Duniani, lilipoufafanua uchovu huu mwaka 2019, lilisema unatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa vyema, wala halikuuita ugonjwa, sembuse upungufu wa imani. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuibeza kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kupungukiwa na ufanisi kazini.

Mama huyu alikuwa nazo zote. Nilipomuuliza anapenda nini, alinitajia wagonjwa. Nilipouliza tena alinyamaza, kisha akakumbuka kwamba aliwahi kuimba sauti ya pili katika kwaya, akaacha kwa kuwa mazoezi ya Jumamosi yaligongana na zamu. Kwao Kayole hata majirani humwita Sista, na jina lake hulisikia kwa mamake tu. Sikumpa mazoezi ya kupumua. Nilimtuma kwa msimamizi wa wodi, kabla ratiba ya mwezi haijabandikwa, akaombe Jumamosi mbili, kwa sababu wanaohubiri wito kwa sauti kubwa aghalabu ndio hao hao wanaopanga zamu.

Wengine husema likizo itamaliza yote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, naye azichukue zote. Ila akirudi kwenye wodi ile ile anakobaki peke yake usiku kucha, uchovu humpokea mlangoni.

Kuhusu dai kwamba muuguzi mkomavu halii, nitasema tu kwamba kudondosha chozi mtoto anapofariki si utovu wa weledi. Kosa ni kumfanya mzazi aliyefiwa akubembeleze wewe.

Na tafadhali, sare ivuliwe hospitalini. Nalisisitiza hili hadi wanafunzi wangu hunicheka, lakini anayepanda matatu na sare yake hufika nyumbani akiwa bado zamuni.

Mama yule aliomba Jumamosi mbili, akapewa moja. Mazoezi ya kwaya huanza saa nane mchana.