Kwa nini daktari anakugonga goti kwa kinyundo?

Zamani niliamini kwamba mguu ukiruka kwa nguvu baada ya kugongwa goti, basi mishipa ya fahamu ni mizima kabisa. Siku nilipopimwa na mguu wangu ukaruka juu, nilitoka na furaha tele. Kumbe mguu unaoruka kupita kiasi unaweza kuwa dalili kwamba ubongo au uti wa mgongo umeumia.

Wengine hudhani kinapimwa kifupa cha goti. Hapana. Kinyundo hutua chini ya kifupa hicho, kwenye kano, ule ukanda mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Kano ikibonyea, msuli wa mbele wa paja huvutika ghafla, neva, yaani mishipa ya fahamu, hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na amri ya kukaza msuli hurudi kutoka hapo hapo. Ubongo hausubiriwi.

Sasa ubongo unaingiaje? Chukua mlango wenye springi, ule unaojifunga wenyewe. Ukiushikilia kwa mkono, unarudi taratibu, ukiuachia, unabamiza. Springi ni ule mzunguko wa msuli na uti wa mgongo, na mkono ni ubongo, ambao muda wote hutuma ujumbe wa kutuliza. Kiharusi kikikata njia ya ujumbe huo, mkono umetoka mlangoni, na mguu unaruka kwa kishindo. Neva za mguu zikiharibika, kwa mfano kwa kisukari, springi ndiyo imelegea: unagonga, mguu umetulia tu.

Ila si kila anayeruka sana ni mgonjwa. Wapo watu wenye afya njema ambao miguu yao huruka mno, na wengine haitikisiki hadi waambiwe wanasishe vidole vya mikono miwili na kuivuta kwa nguvu. Kwa hiyo daktari hulinganisha kulia na kushoto. Tofauti ya pande mbili ina uzito kuliko nguvu yenyewe. Tena uti wa mgongo ukiumia vibaya, mwanzoni mguu unaweza kunyamaza kabisa, kisha baadaye ndipo uanze kuruka kupita kiasi.

Madaktari Wajerumani Erb na Westphal waliandika habari za mguu kuruka goti likigongwa mwaka 1875. Mwaka 1896 daktari Mfaransa Babinski akaeleza dalili ya unyayo: ukiukwaruza kuanzia kisiginoni, vidole vya mtu mzima hujikunja chini. Kidole gumba kikiinuka, njia itokayo kwenye ubongo ina hitilafu. Kwa mtoto mchanga huinuka bila ugonjwa wowote, kwa sababu njia hiyo bado haijakomaa, na kwa kawaida huacha kabla hajafikisha miaka 2.