Dini yako na mteja wako: sheria ya Marekani inasemaje ukitaka kumkatalia mtu huduma

Swali hili tunaletewa sana ofisini, hasa na madereva na wenye maduka waliotoka Afrika Mashariki wakahamia huku Minnesota: dini yangu inakataza kitu fulani, je naweza kumkatalia mteja? Kwa kifupi, bidhaa unachagua wewe, wateja huchagui. Mwenye bucha ya halali halazimishwi na mtu kuuza nguruwe, ila hawezi kumfukuza Mkristo aliyekuja kununua mbuzi. Hapo wote tunaelewana, shida inaanza pale mteja na kile alichobeba vinapokuja pamoja.

Wengi mmesimuliwa ile ya teksi za uwanja wa ndege wa Minneapolis-Saint Paul. Miaka ile kama robo tatu ya madereva wa pale walikuwa Wasomali Waislamu, na baadhi yao wakiona abiria katoka na chupa za pombe wanamwambia atafute gari lingine. Utaratibu ulikuwa ukikataa abiria unarudi mwisho kabisa wa foleni, na foleni ile mtu anakaa masaa, kwa hiyo dereva alikuwa anaumia mfukoni kwa imani yake na bado anakataa. Mwaka 2006 likaja wazo la kuweka taa ya rangi tofauti juu ya gari ili mwenye chupa ajue apande lipi, watu wakapiga kelele, wazo likafa (mimi binafsi naona halikuwa wazo baya hivyo, ila ndo hivyo). 2007 mamlaka ya uwanja ikaamua: ukikataa mara ya kwanza unasimamishwa siku 30, ukirudia kibali kinafutwa miaka miwili. Madereva wakaomba mahakama izuie, wakakosa, wakakata rufaa, 2008 wakakosa tena. Mahakama haikusema imani yao ni ya uongo, tusipotoshe. Ila kibali cha kupakia pale ni cha kuhudumia kila anayetoka mlangoni, na hakuna aliyewaambia wanywe.

Mbwa ndo anasumbua zaidi siku hizi, vijana wa Uber mnanielewa. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 haikupi nafasi: kipofu na mbwa wake wa kumwongoza unawapakia wote, na huruhusiwi kuongeza hela eti ya kusafisha manyoya. Najua kwa sisi wa madhehebu ya Shafii mbwa ni najisi na kuna kuosha mara saba, sasa weka mkeka wa plastiki chini nyuma kule, mbwa hawa wamefundishwa kulala miguuni kwa mwenyewe, ukimaliza zamu unaosha. Usijifanye hujamuona abiria ukapita, maana safari ipo kwenye simu na ushahidi unao mwenyewe mkononi.

Kuna wanaoniambia hii ni sheria ya kuonea Waislamu. Hapana jamani. Miaka ya 60 huko South Carolina kulikuwa na mwenye migahawa ya nyama choma iliyoitwa Piggie Park, alikuwa hataki watu weusi wale pale kwake, na alipobanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964 akasema inapingana na mapenzi ya Mungu. 1968 Mahakama ya Juu ikaona hoja hiyo ni upuuzi mtupu. Sheria hiyohiyo ya 1964 imetaja dini, ndo inayomzuia mwenye hoteli au mgahawa kumfukuza mama mwenye hijabu au Singasinga na kilemba chake. Ukitaka ikulinde wewe ukiwa mteja, itakubana ukiwa nyuma ya kaunta. Kwa waliotoka Kenya hili sio geni, ibara ya 32 ya katiba ya 2010 inakataza mtu kunyimwa huduma kwa sababu ya imani yake.

Kuhusu ile keki ya harusi ya mashoga kule Colorado, ambayo mwokaji alikataa kuitengeneza kwa sababu ya dini yake, watu wanasema alishinda kesi kwa hiyo kukataa ni ruksa. Alishinda 2018, ndio, lakini kwa sababu tume ya jimbo ilionyesha dharau kwa dini yake. Kilichofungua mlango kidogo ni kesi ya 2023 ya mtengeneza tovuti, hukohuko Colorado, ambaye hakutaka kutengeneza tovuti za harusi za mashoga, Mahakama ya Juu ikasema serikali haiwezi kumlazimisha atunge ujumbe asiouamini. Kuendesha teksi au kuuza maziwa sio kutunga ujumbe.

Ukiwa umeajiriwa mambo ni tofauti kidogo. Makeshia Waislamu wa maduka makubwa ya Target hapa Minneapolis walikataa kugusa nguruwe mwaka 2007, wakahamishiwa kazi nyingine, mteja akahudumiwa na mwingine. Bosi lazima ajaribu kukupangia hivyo isipokuwa kama gharama kwake ni kubwa kweli, na tangu 2023 kigezo hicho kimekuwa kigumu zaidi kwa mabosi, kwa hiyo omba mapema, tena kwa maandishi, usisubiri nguruwe afike kwenye kaunta.

Na kama wewe ndo umekataliwa, andika saa, mahali na jina la biashara, tunza risiti au meseji, kisha peleka malalamiko Idara ya Haki za Binadamu ya Minnesota kabla mwaka mmoja haujaisha tangu siku ya tukio.