Kuchunguza Mitandao ya Watu Wengine: Dhana Potofu na Ukweli

"Sikuiba wala sikuharibu kitu, kwa hiyo sina kosa." Dhana hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa kuwa katika nchi nyingi kosa la msingi ni kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mwingine bila idhini, na wizi au uharibifu huhesabiwa juu yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta humtia hatiani hata aliyejaribu akashindwa kuingia, ilimradi alikusudia kuingia na alijua kwamba hakuruhusiwa. Nchini Marekani, Robert Morris, ambaye mnyoo wake wa kompyuta, yaani programu inayojinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine, ulisambaa mwaka 1988 kwa kasi asiyoitarajia na kukwamisha maelfu ya mashine, alijitetea kwamba hakukusudia hasara. Mahakama ya rufaa ilijibu kwamba upande wa mashtaka haukuhitaji kuthibitisha kusudio hilo, ukishathibitisha kusudio la kuingia pasipo ruhusa.

Wengine husema kwamba mfumo usio na nenosiri ni wa kila mtu. Sivyo, uzembe wa mwenye mfumo si idhini yake.

Dhana ya kwamba kupapasa milango ya mtandao kutoka nje (kutuma maulizo kwa kompyuta ili kuona ni njia zipi za mawasiliano zilizo wazi), bila kuingia, ni halali kila mahali inahitaji uangalifu zaidi, maana mahakama zenyewe zimetofautiana. Mwaka 2000 mahakama ya shirikisho jimboni Georgia, Marekani, iliona kwamba upapasaji usioleta hasara hauwezi kudaiwa fidia chini ya sheria ya udukuzi, ilhali mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Finland ilihesabu upapasaji wa mtandao wa benki kuwa jaribio la uvamizi. Anayepapasa seva iliyo ng'ambo hawezi, kwa hiyo, kutegemea sheria ya kwao peke yake. Isitoshe, baadhi ya mitambo ya zamani ya viwandani huzima kwa uchunguzi huohuo unaodhaniwa kuwa mwepesi.

Hata mkataba wa kazi si kinga kamili. Mwaka 2019, wakaguzi wawili wa usalama walioajiriwa na idara ya mahakama ya jimbo la Iowa, Marekani, walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama ambalo walitumwa kujaribu ulinzi wake, kwa sababu jengo lilikuwa mali ya kaunti, nayo kaunti haikuwa imeombwa ruhusa. Mashtaka yalifutwa mwaka uliofuata.