Acheni kukontroli kila kitu, jamani

Msimu wa risechi za mwaka wa mwisho ukifika huwa najua sentensi gani inakuja, naisikia kabla mwanafunzi hajafungua hata kompyuta: "Nimekontroli kila kitu." Yaani ameingiza kwenye hesabu kila kitu kingine ili alinganishe watu wanaofanana kwa vitu hivyo. Anaisema kwa raha zake, kama mtu aliyehakikisha milango yote imefungwa kabla ya kulala, halafu ananigeuzia jedwali lenye elimu, umri, umri kipeo cha pili, jinsia, ndoa, mjini au kijijini, aina ya kazi, cheo, saa za kazi, ukubwa wa kampuni, na vigeu vingine (vitu vilivyopimwa kwa kila mtu) vimo kwa sababu tu vilikuwemo kwenye dodoso. R-skwea (sehemu ya tofauti za mishahara ambayo hesabu inaieleza) imepanda, nyota tatu tatu (alama kwamba namba si rahisi kuwa bahati tu) kila mstari. Na swali la risechi lilikuwa nini? Mwaka mmoja zaidi wa shule unaongeza mshahara kiasi gani.

Juzi nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu anayewafundisha wenzake, akiwaambia eti "ukiwa na wasiwasi ongeza control". Basi leo naandika ili siku nyingine nitume linki tu nikanywe chai.

Ile koefisienti ya elimu (namba inayosema mshahara unabadilika kiasi gani elimu ikiongezeka) kwenye jedwali hilo sio jibu la swali lililoulizwa. Inawezekana kabisa isiwe jibu la swali lolote lile.

Yale mnayoyajua nayapita haraka. Rigresheni (hesabu inayotoa majedwali haya) yenye vigeu vingi inachukua elimu, inaondoa kila kinachoweza kutabiriwa na vile vigeu vingine, inafanya hivyohivyo kwa mshahara, halafu inalinganisha mabaki kwa mabaki. Frisch na Waugh walilionyesha hilo mwaka 1933, Lovell akalipanua 1963, na nyie mmelijibu kwenye mtihani. Ukiacha nje kitu kinachosukuma elimu na mshahara kwa pamoja, mfano hali ya familia uliyokulia, unapata bayasi, yaani jibu lililopinda. Sawa, hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi wangu ni na watu wanaotoka hapo wakiwa wameelewa kwamba kama kuacha kigeu ni hatari basi kuongeza kigeu ni usalama, mbaya zaidi utakuwa umepoteza muda. Najua linakotoka hili, kozi nyingi za ekonometriki (takwimu za uchumi) zinakaa siku na siku kwenye kigeu kilichoachwa, halafu kigeu ambacho hakikutakiwa kuwekwa kinapewa slaidi moja mwisho wa kipindi, watu wameshafunga madaftari wanaangalia mlango.

Sasa fungua programu yoyote unayotumia tutengeneze data ya uongo, maana kwenye data ya uongo ukweli tunao sisi wenyewe mkononi. Chukua watu 1,000. Kwanza elimu: namba za kubahatisha za mgawanyo wa kawaida, wastani 0, varianzi (kipimo cha kutawanyika) 1. Pili uwezo: namba nyingine za aina hiyohiyo, zisizohusiana na elimu hata kidogo (najua kwenye maisha vinahusiana, tulia, nimevitenganisha makusudi ili usije ukaniambia tatizo ni kigeu kilichoachwa). Tatu cheo: elimu jumlisha uwezo, basi. Nne mshahara: elimu, jumlisha uwezo mara mbili, jumlisha kelele (namba za kubahatisha tu) yenye varianzi 1. Angalia vizuri hapo, cheo hakimo kwenye mshahara. Na kipimo kimoja cha elimu kinaongeza mshahara kwa 1, tumeandika kwa mikono yetu.

Piga rigresheni ya mshahara kwa elimu peke yake. Unapata karibu na 1, ndo ukweli wenyewe. R-skwea ni kama 0.17, aibu tupu, supavaiza atakunja uso. Haya ongeza cheo. R-skwea inaruka mpaka 0.83 hivi. Takwimu t ya elimu (ikizidi kuwa mbali na sifuri ndo nyota zinaongezeka) ilikuwa kama 14, sasa ukubwa wake ni kama 22, nyota zinamwagika. Na koefisienti ya elimu imekuwa -1. Hasi moja! Yaani kusoma kunakupunguzia mshahara kwa kiasi kilekile ambacho kwa kweli kinakuongezea, na kila kitu kwenye jedwali ulichofundishwa kukiangalia kinakwambia modeli ya pili ndo nzuri.

Wala huhitaji kompyuta kulijua. Uwezo ni cheo kutoa elimu. Ingiza kwenye mlinganyo wa mshahara: elimu + 2(cheo − elimu). Fungua mabano, unabaki na 2 ya cheo na -1 ya elimu. Hiyo ni aljebra ya sekondari.

Kilichotokea ni hiki. Ulipokontroli cheo ulisema tulinganishe watu waliokaa ngazi moja. Sasa mtu asiyesoma amefikaje ngazi moja na msomi? Kwa uwezo, kwenye dunia yetu hii ndogo hana njia nyingine. Kwa hiyo ndani ya kila ngazi, mwenye shule kidogo ndo mwenye uwezo mkubwa, japokuwa ukichukua watu wote kwa pamoja vitu hivi viwili havijuani kabisa. Huo uhusiano wa kinyume haukuwepo kwenye data, umeutengeneza wewe mwenyewe, kwa ile ile hatua uliyoichukua ili uwe mwangalifu. Kigeu cha namna hii, kinachosababishwa na vitu viwili vinavyokutana kwake, tunakiita kolaida.

Na usiseme hiyo ni michezo ya kompyuta. Mwaka 1971 Yerushalmy alichapisha uchambuzi wa mama wavutaji sigara na watoto wao wachanga. Ukiangalia watoto waliozaliwa na uzito mdogo tu, wale wa mama wavutaji walikuwa wanakufa kwa kiwango kidogo kuliko wa mama wasiovuta. Kwa hiyo sigara inamkinga mtoto? Hapana bwana. Uzito mdogo una sababu nyingi, sigara ni mojawapo tu, na kama mama havuti na mtoto bado kazaliwa mdogo basi kuna jambo lingine, na mengine kati ya hayo, kama kasoro za kuzaliwa nazo, ni mabaya kuliko sigara. Umelinganisha watoto wa wavutaji na watoto wagonjwa zaidi. Mambo haya yalibishaniwa kwa miongo, na watu wenye shahada zao.

Hapo ni kolaida. Kuna na ile ya kigeu kilichopo njiani, ambayo kidogo inanipandisha presha zaidi maana inatumika kwenye mabishano ya kweli. Elimu inakupa kazi fulani, kazi inakupa mshahara, ukikontroli kazi umekata sehemu ya kile ulichosema unakipima. Mtu atakuja aseme, pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake ukikontroli kazi na cheo linapungua sana, kwa hiyo ubaguzi ni maneno tu. Wewe, kama wanawake wanazuiwa kuingia kwenye hizo kazi na hivyo vyeo, basi umeutoa ubaguzi kwenye hesabu halafu ukatangaza kwamba haupo. Na mwenzake upande wa pili anayesema pengo ghafi lote ni waajiri kulipa tofauti kwa kazi ileile naye hajui anachokisema. Pengo ghafi linajibu swali moja, pengo la ndani ya kazi moja linajibu swali jingine, na hamna programu itakayokuchagulia swali.

Mfano mnaoupenda wa Berkeley, kile chuo kikuu cha Marekani, mnausimulia nusu. Waombaji wa masomo ya juu ya mwaka 1973: wanaume waliokubaliwa ni kama asilimia 44, wanawake kama asilimia 35. Bickel na wenzake wakaangalia idara kwa idara, mwaka 1975 wakachapisha, na pengo lile likayeyuka, likaegemea hata kidogo upande wa wanawake, kwa sababu wanawake walikuwa wanaomba zaidi idara ambazo ni ngumu kuingia. Mwanafunzi akifika hapo anafunga kitabu, "unaona faida ya kukontroli!" Lakini waandishi wenyewe hawakuishia hapo, waliuliza kwa nini wanawake wanaelekezwa tangu mapema kwenye masomo hayo na sio mengine. Idara ni kigeu cha njiani. Kama swali ni "je, kamati za idara zinabagua?" kikontroli. Kama swali ni "je, mfumo mzima unamtendea mwanamke sawa?" usikikontroli. Namba ni zilezile.

Na usinijie na "mimi nina jaribio la nasibu". Ukigawa watu kwa bahati nasibu halafu ukakontroli kitu kilichotokea baada ya kuwagawa, umeivunja bahati nasibu yako mwenyewe, bora hiyo hela ya jaribio ungekula.

Vitu vidogo vidogo nikiwa bado na hasira. R-skwea kubwa haimaanishi chochote kuhusu sababu na matokeo, Granger na Newbold walionyesha mwaka 1974 kwamba mifululizo miwili ya namba inayotangatanga kadiri muda unavyokwenda bila kujuana inaweza kukupa R-skwea ya kupendeza kabisa. Pia acheni kutafsiri koefisienti za vile vigeu vya kukontroli kimoja kimoja, "ndoa inaongeza mshahara kwa asilimia kadhaa", nani kakwambia? Uliiweka ndoa ili kusafisha elimu, hakuna aliyeisafisha ndoa. Kila mwaka aya nne nzima za risechi huwa zinaliwa na tafsiri za namna hiyo.

Sasa utaniuliza, nitajuaje kipi kiko kabla, kipi njiani, kipi kolaida? Hapa ndo pagumu na sitakudanganya. Data peke yake haziwezi kukwambia. Lazima ujue jinsi kitu kinavyofanya kazi, nani anaamua nini, lini, akiwa na taarifa gani. Yaani zile kozi za uchumi mnazoziona kama mzigo wa kuvumilia ili mfike kwenye "data". Soko la ajira, motisha, nani anajichagua aingie wapi, ndo humo inapotoka mishale ya nini kinasababisha nini. Mtu mwenye ujuzi wa programu tupu anaweza kusafisha data usiku kucha na asubuhi akakontroli cheo.

Kanuni ninayowapa wanafunzi ni: kontroli vilivyotokea kabla, achana na vilivyotokea baada. Ni nzuri, ila ina mashimo. Chukua uwezo, kila mtu anataka kuukontroli, haya unaupimaje? Ule utafiti wa vijana wa Marekani unaoitwa NLSY79, ambao umetumika kwenye makala za mishahara mpaka basi, uliwapa mtihani mwaka 1980 wakiwa na miaka 15 hadi 23, wengine wako darasani bado, wengine walishaondoka shule. Alama ya mtihani huo ni sababu ya elimu au ni matokeo ya elimu? Ni vyote viwili, kwa viwango tofauti kwa kila mtu. Kuna watu wamejaribu kurekebisha kwa umri na kwa shule iliyokwishasomwa, na mimi sijawahi kuridhika kabisa. Na hata kigeu ambacho kimetangulia kweli kweli kinaweza kuwa kolaida ya vitu vya nyuma yake usivyoviona, wataalamu kama Pearl na Rubin na wenzao walirushiana barua kwenye jarida la takwimu miaka ya 2008 na 2009 kuhusu hilo hilo, mmoja anaona ni hatari ya kweli, mwingine anaona kukiacha kigeu cha awali ndo upuuzi. Kwa vitendo mimi naelemea upande wa kuviweka, lakini nikibanwa nieleze kwa nini sina hoja ya kukumaliza.

Kuna na lile zoezi lililochapishwa 2018, timu 29 zilipewa data moja na swali moja, je marefa wa mpira wanawapa kadi nyekundu zaidi wachezaji wenye ngozi nyeusi. Timu 20 zikapata uhusiano wenye umuhimu wa kitakwimu, 9 hazikupata. Zilitumia michanganyiko 21 tofauti ya vigeu vya kukontroli. Watu wazima, wataalamu, data ileile. Nikilikumbuka hilo huwa nashusha sauti kidogo kwa wanafunzi, kidogo tu.

Mtakumbuka pia wanauchumi Reinhart na Rogoff, makala yao ya 2010 kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi. Mwaka 2013 Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, akiirudia kama kazi ya darasani, akakuta fomula ya Excel imeruka nchi tano. Dunia nzima ikacheka Excel. Ila soma vizuri walichoandika yeye na maprofesa wake Ash na Pollin: Excel ilikuwa sehemu ndogo ya tofauti, kubwa zaidi ilitoka kwenye uamuzi wa miaka ipi iingie na kila nchi ipewe uzito gani. Seli iliyorukwa mtu ataiona siku moja. Kigeu kibaya kinakaa pale kimevaa nyota tatu na hakuna ujumbe mwekundu unaotokea.

Kwa hiyo ukija ofisini kwangu njoo na karatasi yenye mishale, hata ya penseli, hata umefutafuta, elimu inaenda wapi na nini kinaingia wapi, tubishane hapo kwanza. Jedwali tutaangalia baadaye. Na wale mnaoniuliza kila siku mtumie programu gani ya takwimu, Python, R au Stata: ile anayoijua mtu unayekaa naye karibu maabara ya kompyuta, maana ikigoma saa nne usiku ndo utakayemuamsha, sio mimi.