Kaya inayotumia kuliko inavyopata

Mchambuzi mgeni akifungua takwimu za mapato na matumizi ya kaya, hukimbilia kusema wahojiwa wamedanganya: mbona wengi wanatumia kuliko wanavyopata? Wapo wanaoficha, sikatai (mume akiulizwa kipato mbele ya mkewe, utasikia mengi). Lakini mahindi na maharage yanayotoka shambani kwenda jikoni sisi watu wa takwimu tunayatia bei na kuyahesabu kama matumizi, ilhali mwenye kaya akitaja mapato hayakumbuki kabisa. Ndiyo maana Tanzania hupima umaskini kwa matumizi. Katika utafiti wa 2017/18, mstari wa mahitaji ya msingi (anayetumia chini yake huhesabiwa maskini) ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi.

Halafu kuna msimu. Mkulima wa Mbozi, mkoani Songwe, akihojiwa Februari, ametoka kununua sare na madaftari, mbolea imeshameza kilichobaki, na mahindi bado yako shambani. Matumizi anayo, mapato hana. Mchumi wa Marekani Milton Friedman alieleza mwaka 1957 kwamba watu hupanga matumizi kwa kipato wanachokitegemea kwa muda mrefu, si cha mwezi huu. Sawa, ila hesabu hiyo inataka pawepo pa kuweka akiba na pa kukopa kwa riba inayobebeka.

Hapo ndipo mkulima wetu anapokwama. Februari anakopa kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, ili anunue unga. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini wengi wa kausha damu hawana hata leseni. Julai wanamjia mlangoni. Anauza magunia wakati kila jirani anauza, bei iko chini kabisa, na miezi michache baadaye anarudi sokoni kununua mahindi kwa bei ya juu, kwa mkopo mwingine. Huyo sasa anatumia kuliko anavyopata kwelikweli, na anasa hajaigusa.

Vikoba, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vingehimili sehemu ya mzigo huu, tatizo ni kalenda. Vingi huvunjwa Desemba, wanachama wakagawana akiba, mgao ukaishia kwenye sikukuu na nauli. Kwa wanaolima, mimi ningevunja kikoba mwishoni mwa Januari, debe la mahindi linapoanza kupanda bei.