"Huyu hawezi kuniibia, tumetoka mbali"

Wiki hii nimeisikia tena, mara ya ngapi sijui: "mhasibu wangu tumetoka naye mbali, hata sefu namwachia wazi." Jamani! Kazi yangu ni kukagua mahesabu, nikiitwa mahali pesa imeliwa mara nyingi mlaji ni huyohuyo wa kutoka mbali. Mgeni ataiba nini, hana funguo, hana paswedi, hajui hata risiti zinakaa wapi. Donald Cressey, mtaalamu wa Marekani wa mambo ya uhalifu, aliwahoji wafungwa waliokula pesa walizoaminiwa, kitabu kikatoka 1953, na hao walianza kazi kwa nia njema kabisa. Kikaja kitu cha kumbana asichoweza kumwambia mtu, akaona mwanya, akajisemea nakopa tu nitarudisha.

Sasa mwanya ndo huu, mtu mmoja anapokea pesa, anaandika kitabu, anapeleka benki. Mteja wa kwanza akilipa, mhasibu wako anaitia mfukoni, akilipa wa pili anaziba deni la wa kwanza, wa tatu anaziba la wa pili, na mchezo hausimami ndo maana mtu wako haumwi, likizo hataki, hadi Jumapili yupo ofisini na bosi anamsifia eti mchapakazi! Mpe likizo ya lazima, wiki mbili mfululizo, na kazi yake aifanye mtu mwingine, isirundikwe mezani kumsubiri. Nitalisema hili hadi sauti ikauke.

Kamera je? Inaona mkono kwenye droo, haioni invoisi hewa wala mfanyakazi hewa kwenye orodha ya mishahara.

"Mkaguzi atagundua." Asante kwa imani, ila ripoti ya 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa wizi na udanganyifu kazini, inasema asilimia 43 ya kesi ziliibuka kwa mtu kutonya, sisi wakaguzi wa nje tuliibua asilimia 3 tu. Weka njia ya watu kutonya bila kujulikana.

"Anadokoa vidogo tu." Kama faida yako ni 5 kwa kila mauzo ya 100, ikiondoka 100 lazima uuze ya 2,000 ndo uirudishe. Piga mwenyewe.

Na hili la kumfukuza kimyakimya halafu unamwandikia barua nzuri ya kumsifia ili aondoke haraka, hapo umemhamishia mwenzako mwizi, na waliobaki wameona kwamba adhabu yenyewe ni barua.