Je, wajua kwa nini gari ya zamani inakula oili wakati haivuji hata tone?

Gari imelala usiku kucha, asubuhi unainama kuangalia chini pakavu kabisa, injini inawaka vizuri na inavuta vizuri tu, halafu ukichomoa dipstiki unakuta oili iko chini ya alama ya mwisho. Imeenda wapi? Wengi hapo wanaanza kumshuku fundi aliyebadilisha oili mara ya mwisho kwamba hakujaza. Kumbe injini yenyewe ndo imeichoma, na kwa baadhi ya injini huo sio uzee tu, ni kasoro iliyotoka nayo kiwandani na inajulikana.

Iko hivi. Pistoni za magari mengi zina ringi tatu. Mbili za juu zinaziba mgandamizo usipite kwenda chini, na ya tatu ndo ringi ya oili, pistoni ikishuka inakwangua oili kwenye ukuta wa silinda kama waipa inavyofuta kioo, na hiyo oili inatakiwa ipite kwenye vitundu vidogo vilivyotobolewa nyuma ya hiyo ringi irudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Sasa vitundu vikiwa vichache au vidogo mno oili inachelewa pale kwenye joto kali, inaungua taratibu mpaka inakuwa kaboni, kaboni inaziba vitundu, ringi inanata haichezi tena, na oili inayobaki ukutani inaungua pamoja na mafuta. Na kadiri vinavyoziba ndo oili inazidi kukaa pale, ndo vinazidi kuziba. Ongezea kwamba watengenezaji wengi walilegeza ringi makusudi ili msuguano upungue gari inywe mafuta kidogo, yaani walichookoa kwenye mafuta wengine wamekilipa kwenye oili.

Mifano ipo. Injini ya Toyota 1ZZ-FE ya lita 1.8, iliyofungwa kwenye Corolla nyingi, zile za miaka ya mwanzo zina sifa hiyo na baadaye Toyota walibadilisha pistoni. Ikaja 2AZ-FE ya lita 2.4, kwenye Camry za 2007 mpaka 2009 ikasumbua hivohivo, mpaka Marekani Toyota wakaongeza muda wa dhamana kwa ajili ya tatizo hilo tu na dawa yake ikawa pistoni mpya na ringi mpya. Audi nao na ile 2.0 TFSI yao hawakupona.

Kinachochanganya watu ni kwamba gari haipotezi nguvu. Unampelekea fundi, anapima kompresheni, yaani ule mgandamizo, anakwambia injini nzima haina shida, na hajakudanganya, kwa sababu kompresheni inashikwa zaidi na zile ringi mbili za juu na mgonjwa ni wa tatu. Moshi nao usiutegemee sana, masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yakiwa bado mazima yanaweza kumalizia kuichoma ile oili na usione chochote nyuma, ila nayo yanaharibika polepole maana oili ina fosforasi. Moshi wa bluu ukiuona, angalia unatoka lini. Ukitoka gari ikiwashwa asubuhi kisha ukakata, au ukishuka mlima mrefu umeachia mafuta halafu ukakanyaga tena ukatoka, shuku sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye valvu. Ukitoka unapokanyaga kwa nguvu, shuku ringi.

Kabla ya yote hayo angalia valvu ya PCV, ile ndogo inayorudisha mvuke wa injini kwenye hewa inayoingia. Ikikwama wazi inafyonza oili nayo, na kuibadilisha ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kufungua injini.

Halafu kuna taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi, hapa ndo injini nyingi zimekufa. Kwenye magari mengi ya zamani ile taa haipimi oili imebaki kiasi gani, inapima presha, kwahiyo ikianza kumulika ujue pampu inafyonza hewa na bearingi zimeshaanza kuumia. Piga hesabu: injini ya lita 4 inayokula lita 1 kila kilomita 1,500, ukisubiri sevisi ya kilomita 5,000 bila kuongeza, zaidi ya lita 3 zimeondoka. Kasoro yenyewe huwa haiui injini, kinachoiua ni ile tabia ya kutofungua boneti. Pima oili gari ikiwa sehemu tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa, kila ukijaza tanki, na uwe na lita ya akiba kwenye buti.

Oili nzito kidogo inasaidia, hatua moja tu juu na iwe inaruhusiwa kwenye kitabu cha gari, sio kumimina nzito kuliko zote, maana injini zenye VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, zinategemea oili ipite haraka kwenye njia nyembamba. Kuna wanaomwaga dawa ya kuyeyusha kaboni kwenye matundu ya plagi, inalala humo, wanazungusha injini plagi zikiwa nje ili itoke, kisha wanamwaga oili yote. Ringi ikiwa imenata tu inaweza kufunguka, ikiwa imelika hapo unapoteza hela.

Ukifika kwenye kufungua injini, usikubali kuwekewa ringi mpya juu ya pistoni zilezile, vitundu ni vilevile na baada ya muda unarudi ulipokuwa. Dai pistoni za toleo lililorekebishwa. Na kabla hujanunua injini ya mtumba kama njia ya mkato, uliza ni ya mwaka gani, kwa sababu ikiwa ya miaka ileile yenye kasoro unahamisha tu tatizo kutoka bloku moja kwenda nyingine.